Alama Moja ya Mtandio

Mwaka 2012, katika mji mdogo wa Canazei ulio kwenye milima ya kaskazini mwa Italia, msichana wa miaka 17 kutoka Abu Dhabi aliingia uwanjani kushindana katika mchezo wa kuteleza kwenye barafu kwa muziki, ule wa kuruka na kujizungusha. Mwili wake wote ulikuwa umesitirika na kichwani alikuwa na mtandio. Jina lake Zahra Lari. Kabla yake hakukuwa na mchezaji wa mchezo huo kutoka nchi za Ghuba aliyewahi kushindana kimataifa, wala mwanamke aliyewahi kuucheza kimataifa huku amevaa hijabu. Alicheza, akamaliza, akasubiri alama zake kama wenzake. Zilipotoka, alikuwa amekatwa moja. Sababu: mavazi.

Habari hii nimeisoma mara nyingi, na kila nikiisoma roho inaniuma pale pale. Katika mchezo huo, mchezaji akianguka, akapiga kiuno kwenye barafu mbele ya kadamnasi, hukatwa alama moja. Kwa hiyo siku ile mtandio ulipewa uzito wa anguko. Msichana aliyeamka usiku miaka mizima ili ajifunze kusimama akahesabiwa kama aliyeanguka, kwa kitambaa alichokivaa kwa sababu ya Mola wake.

Huku kwetu Unguja barafu tunayoijua ni ile inayomwagwa juu ya samaki pale Malindi, na ile ya ukwaju wanayonyonya watoto wakitoka chuoni. Mimi mchezo huu nimeujua kupitia binti wa dada yangu. Kama familia nyingi za hapa, na yetu imekaa pande mbili za bahari: wengine tuko Unguja na Pemba, wengine wako Maskati, Dubai na Abu Dhabi, na tunaonana kwa simu za video baada ya Isha. Shangazi yake, dada wa baba yake, yuko Abu Dhabi. Likizo moja mtoto akapelekwa kumtembelea, na shangazi mtu akamchukua hadi kwenye uwanja wa barafu wa Zayed Sports City, akamkodia viatu, akamwacha ajishikilie ukutani. Alirudi Unguja na sanduku limejaa zawadi, lakini mazungumzo yake yalikuwa ni hayo tu.

Sasa ana viatu vya matairi. Alasiri, akishamaliza kazi za skuli, huvivaa na kuzunguka uani kwao, juu ya saruji, kati ya kamba za nguo na pipa la maji. Anajua kwenda kinyumenyume. Hukunja magoti, hufunga mikono kifuani, huruka, hujizungusha nusu, kisha hutua kwa mguu mmoja huku wa pili ameunyoosha nyuma, mikono ameitandaza na kidevu kiko juu, kama alivyoona kwenye simu. Mara nyingi hatui. Magoti yake yana makovu juu ya makovu. Mama yake hutoa kichwa dirishani: "Utang'oka meno weye!" Naye huinuka, hujikung'uta gauni, akarudia pale pale alipoanguka.

Ana miaka 12. Siku moja aliniuliza, viatu vikiwa bado miguuni: "Mama mdogo, nimeshachelewa?"

Alikuwa ameona video inayosema kwamba mabingwa huanza wakiwa na miaka 3 au 4. Sikutaka kumpa jibu la kumfurahisha tu. Nikaanza kusoma, na huko ndiko nilikokutana na Zahra.

Zahra alizaliwa Abu Dhabi mwezi wa Machi 1995, baba Mwarabu wa Imarati, mama Mmarekani. Alikuwa na miaka 11 alipoona filamu ya Disney kuhusu msichana anayeteleza kwenye barafu, na kuanzia hapo hakutaka kitu kingine. Uwanja aliojifunzia ni huo huo wa Zayed Sports City ambako binti yetu alishikilia ukuta. Jua la nje linaweza kufika nyuzi 40 na zaidi, na ndani msichana amevaa glovu. Akawa anaamka saa kumi na nusu alfajiri, anafanya mazoezi, anakwenda skuli, jioni anarudi tena kwenye barafu.

Mwanzoni baba yake aliona ni mchezo wa mtoto, burudani ya kupita. Binti alipoanza kukua na kutaka kushindana, baba akasita. Je, inafaa msichana acheze mbele ya wanaume, na muziki, na watu wakimtazama? Zahra akaacha kushindana. Hakugomba. Baadaye akaenda kwenye mashindano kuwashangilia wenzake, na baba yake alikuwa naye. Pale pale jukwaani baba akamwona mwanawe anavyowatazama wenzake barafuni. Akamruhusu arudi.

Wapo wanaoisimulia sehemu hii kana kwamba huyo mzee alikuwa kizuizi kilichovunjwa. Mimi siisomi hivyo. Swali alilouliza ni swali ambalo baba yeyote wa Wete au wa Ng'ambo angeliuliza, na halitoki kwenye chuki. Alikuwa na binti, na alikuwa na dini na jamaa na majirani, na alitaka kujua kama vyote vinaweza kukaa nyumba moja. Kilichonigusa ni kwamba aliendelea kumtazama mwanawe hata baada ya kusema hapana. Wazazi wengi tukishasema hapana tunageuza uso, jambo limekwisha. Yeye hakugeuza uso, ndiyo maana aliiona ile hamu.

Sasa kuhusu kuchelewa. Hapa inabidi niseme kidogo mchezo wenyewe ulivyo, maana bila hivyo mtu hawezi kujua mtoto wa miaka 11 anaingia kwenye mtihani gani.

Kiatu cha mchezo huu chini yake kina chuma chembamba, upana wake kama milimita 4. Katikati ya chuma hicho mna mfereji mdogo uliochongwa kwa urefu, kwa hiyo chuma kimoja kinakuwa na makali mawili, la ndani na la nje. Mbele kina meno ya kuchomea barafu wakati wa kuruka. Mchezaji mzuri hasimami juu ya chuma chote. Anauegemeza mwili mzima kwenye kali moja tu, na kali hilo ndilo linalochora duara chini yake. Kwa hiyo mtoto akianza hafundishwi kuruka. Anafundishwa kuanguka bila kuumia, kuinuka, kisha kuegemea: nje, ndani, mbele, nyuma, mguu huu, mguu ule, mpaka kifundo cha mguu kijifunze chenyewe bila kusubiri amri ya kichwa. Ni kazi ya kuchosha na haina makofi.

Miruko ni sita. Mitano kati yake huanzwa mchezaji akiwa anarudi nyuma. Wa sita, unaoitwa Axel kwa jina la Axel Paulsen wa Norway aliyeufanya mwaka 1882, huanzwa kwa kwenda mbele, na kwa sababu hiyo una nusu mzunguko wa ziada. Yote hutuliwa kwa mguu mmoja, kinyumenyume, kwenye kali la nje. Hewani mchezaji hukaa chini ya sekunde moja, na katika muda huo mabingwa hujizungusha mara tatu, wengine mara nne. Ilia Malinin, kijana wa Marekani ambaye wazazi wake wote wawili waliichezea Uzbekistan, mwaka 2022 alifanikisha Axel ya mizunguko minne na nusu kwenye mashindano, akiwa na miaka 17. Kabla yake hakuna aliyeweza.

Mtoto wa miaka 4 akianguka, anaanguka kutoka urefu wa meza. Anacheka, anainuka. Wa miaka 11 ana mwili mrefu na kichwa kinachojua maumivu, na karibuni mwili wenyewe utaanza kubadilika, nyonga na mabega na uzito, kiasi kwamba mruko alioujua mwezi uliopita unaweza kumkataa mwezi huu. Ndiyo maana wazee wa mchezo huu wana imani ile ile tuliyonayo sisi, samaki mkunje angali mbichi. Yuzuru Hanyu wa Japani, aliyechukua dhahabu ya Olimpiki mwaka 2014 na tena 2018, alianza akiwa na miaka 4. Tara Lipinski wa Marekani alishinda Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 akiwa na miaka 15, na mwaka huo huo akaacha mashindano ya ridhaa. Linganisha: katika umri ambao Lipinski alikuwa amekwisha maliza, Zahra alikuwa hajacheza hata shindano moja nje ya nchi yake.

Lakini nimepata pia habari ya Johnny Weir, Mmarekani mwingine. Huyu alianza kwenye miaka 12 baada ya kuvutiwa na Olimpiki ya 1994 aliyoiona kwenye televisheni. Mwaka 2001 alikuwa bingwa wa dunia wa vijana, na kuanzia 2004 hadi 2006 alikuwa bingwa wa Marekani mara tatu mfululizo. Binti yetu nilipomwonyesha hili alilisoma mara mbili, akaniomba nimtumie.

Na mimi kuna jambo nimeliona kwa macho yangu ambalo linanifanya nisiamini kwamba mlango hufungwa mapema hivyo. Kila mwaka kabla ya tarehe 12 Januari watoto wa skuli huchukuliwa kufanya mazoezi ya halaiki kwa ajili ya sherehe za Mapinduzi. Wanaingia wasichana ambao hawajawahi hata kubinuka kwenye mchanga, wana miaka 12, 13, wengine zaidi. Mwalimu anawapanga, anahesabu, anarudia, jua linawaka, wengine wanalia. Kisha siku ya siku unawaona uwanjani wamesimama juu ya mabega ya wenzao, mgongo umenyooka, hakuna anayetikisika. Hawakuzaliwa na vipaji wote wale. Walipata mwalimu asiyechoka na wakati wa kurudia.

Hata wakubwa wa mchezo wa barafu wenyewe wameanza kuiona hatari ya kuwakunja samaki mapema mno. Baada ya Olimpiki ya Beijing ya 2022, ambako msichana wa Urusi wa miaka 15 alijikuta katikati ya kesi ya dawa zilizopigwa marufuku na dunia nzima ikamtazama anavyoanguka na kulia, Shirikisho la Kimataifa la Kuteleza kwenye Barafu, ISU, lilipiga kura kupandisha umri wa chini wa mashindano ya wakubwa kutoka 15 hadi 17, kidogo kidogo, mpaka msimu wa 2024/2025. Nilifurahi niliposoma. Mtoto wa miaka 15 ambaye mifupa yake bado inakua hapaswi kubeba bendera ya nchi mabegani. Na kwa msichana anayeanza na 11 au 12, miaka miwili ya ziada si kidogo.

Turudi Canazei, maana bado sijamaliza na ile alama.

ISU ina kanuni ya mavazi. Inasema nguo za mchezaji ziwe za staha, za heshima na zinazofaa kwa mashindano ya michezo, zisiwe za kujionyesha kupita kiasi kama za jukwaa la maigizo, na zisionekane kama uchi usiofaa kwa mchezo. Isome tena taratibu. Staha ndilo takwa la kwanza kabisa. Zahra alilitimiza takwa hilo kuliko mtu yeyote aliyeingia kwenye barafu ile, na ndiye aliyekatwa. Sijui namna ya kulieleza jambo hili bila uchungu, na wala sitaki kuuficha. Na kanuni za mavazi si kwamba hazibadiliki: kwa miaka mingi wanawake walilazimika kuvaa sketi, na mwaka 2004 wakaruhusiwa kuvaa suruali. Mtu aliona haja, akasema, ikabadilishwa.

Zahra naye alisema. Hakurudi nyumbani akanyamaza, wala hakuuvua mtandio ili apate alama yake. Alilipeleka suala kwa wakubwa wa mchezo, akawaeleza kwamba kuna wasichana wengine watakaokuja wamevaa hivi, na hijabu ikaacha kuwa sababu ya kukatwa. Kwa hiyo alama ile aliilipa yeye peke yake. Anayeingia leo amejifunga kichwa haidaiwi tena.

Miaka yake iliyofuata sitaieleza kwa urefu. Akawa bingwa wa nchi yake mara kadhaa, akacheza Michezo ya Majira ya Baridi ya Asia huko Sapporo mwaka 2017, na mwezi wa Septemba mwaka huo akaenda Oberstdorf, Ujerumani, kwenye mashindano ya Nebelhorn yaliyokuwa nafasi ya mwisho ya kufuzu Olimpiki ya Pyeongchang. Hakufuzu. Nilimwambia binti yetu hilo pia, kwa sababu aliniuliza swali la kweli na alistahili jibu la kweli. Ukianza na miaka 12, ukiwa unaishi kisiwani pasipo na barafu, dhahabu ya Olimpiki iko mbali mno. Lakini Zahra pia hakuipata, na bado jina lake limo katika historia ya mchezo ule, na yeye ni miongoni mwa walioanzisha klabu ya mchezo huo huko Abu Dhabi, ambako wasichana wadogo wanafundishwa.

Binti alifikiri kidogo akasema, "Basi mimi nataka Axel moja tu. Ya mzunguko mmoja na nusu." Nikaona huyu ameelewa kuliko nilivyotaraji.

Kuna watu nikiwasimulia haya hurukia kuuliza uwanja wa barafu utajengwa wapi hapa, Fumba au Tunguu. Mimi sidai hivyo. Uwanja kamili una urefu wa mita 60 na upana wa mita 30, na barafu yake lazima ibaki kwenye nyuzi 3 au 4 chini ya sifuri, usiku na mchana, mwaka mzima, huku nje ni joto la kaskazi. Umeme wetu unakuja kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na wenye kumbukumbu hawajasahau mwisho wa 2009 mpaka mwanzo wa 2010, tulivyokaa miezi mitatu gizani. Fedha za kugandisha maji nitazipeleka kwanza kwenye mikeka ya mazoezi ya skuli zetu, ambako watoto bado wanabinuka juu ya ardhi tupu. Msichana akijenga kifundo cha mguu, mgongo na ujasiri hapa hapa Unguja, barafu akiikuta ugenini hatakuwa mgeni kabisa. Wachezaji wa nchi za baridi wenyewe hufanya sehemu kubwa ya mazoezi ya kuruka wakiwa sakafuni, na viatu vya kawaida.

Lililobaki lilikuwa baba yake.

Shemeji yangu ni mtu wa maneno machache. Nilimkuta barazani baada ya Isha, na kahawa yake. Nikamwambia mtoto anataka kurudi kwa shangazi yake likizo ijayo, na safari hii anataka afundishwe hasa, na mwalimu. Alikaa kimya, kisha akasema, "Shemeji, mtoto wa kike kuzunguka mbele za watu na muziki?"

Sikubishana naye. Nilimsimulia habari ya baba yake Zahra, tangu alivyosita mpaka jukwaani. Alisikiliza akiuzungusha mkono wa kikombe. Nikamsimulia na ya Canazei. Nilipofika kwenye alama iliyokatwa aliweka kikombe chini.

"Kakatwa kwa nini?"

"Kwa mtandio."

"Ameanguka?"

"Hapana. Ila kukatwa kwake ni sawa na kukatwa kwa aliyeanguka."

"Yaani mtoto kajisitiri, kacheza vizuri, halafu wamkate?" Sauti ilipanda mpaka dada akachungulia kutoka ukumbini. "Hiyo si haki. Wallahi hiyo si haki. Na baba yake alifanya nini?"

Nikamwambia baba yake aliendelea kumwacha acheze.

Hakusema ndiyo. Alitoa simu, akamrekodia dada yake wa Abu Dhabi ujumbe wa sauti, na mimi nimekaa pale pale nasikia. Aliuliza mambo matatu: kama wanaofundisha wasichana ni wanawake, kama kuna saa za asubuhi mapema ambazo uwanja hauna watu wengi, na ada ni dirhamu ngapi. Kisha akaongeza la nne, kama siku hizi wanaovaa mtandio wanaachwa wacheze kwa amani.

La nne nimemjibu mimi. Ya ada tunayasubiri, na kwa bei za huko najua hayatakuwa mepesi. Nimeshamwambia shemeji kwamba fungu langu nitalitoa.